Sauti Ndani ya Tangi la Kushoto

Kila nikisikia injini ya ndege ikikohoa kabla ya kushika, mwanangu, nakumbuka asubuhi moja hapa Lodwar. Kaa kwanza. Umefika jana kutoka Kakuma, na tangu hapo hujamaliza hata chapati moja. Kesho unarudi huko kuwasha ile ndege kuukuu mliyoikarabati. Shangazi yako amezeeka, lakini macho bado yanaona.

Wakati huo nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimetoka chuo na cheti changu cha ufundi wa ndege. Fundi mkuu alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuja Turkana kwa kazi ya muda mfupi akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe. Tulikuwa tumeifufua ndege ndogo iliyolala miaka mingi kwenye vumbi la uwanja. Rubani alikuwa kaka yangu Ekai, baba yako. Mpango ulikuwa tuwashe, tupime, na tukiridhika Ekai airushe, azunguke juu ya mji, kisha aelekee Kakuma, kwa sababu wenye ndege walikuwa wanaisubiri huko. Ndege ile ilikuwa na injini moja tu, na mimi nilikuwa na kaka mmoja tu. Niliogopa tangu nilipoamka.

Mama yetu, nyanya yako, alifika mapema. Alikuwa na emunyen, ule udongo wetu wa baraka, ameufunga kwenye kitambaa ili aipake ndege puani kabla mwanawe hajaondoka nayo. Majirani wakamfuata. Pasta naye akaja. Waliofukuzwa pale uwanjani ni mbuzi peke yao. Mama akamsalimu kila mtu kwa ejok yetu, akakaa kwenye kivuli cha stoo, akanikazia macho. 

Tukaufunga mkia kwa kamba, tukaweka mawe mbele ya magurudumu, nami nikashika mtungi wa kuzima moto. Ekai akawasha. Propela ikazunguka, ikagoma. Ikazunguka tena, ikatoa moshi, ikashika. Ekai akatuonyesha kidole gumba, maana yake presha ya oili imepanda. Hapo nikapumua kidogo.

Sasa nisikilize vizuri namna tulivyofanya kazi. Jua la Lodwar unalijua. Injini ikinguruma chini, ndege imesimama, inachemka upesi. Kwa hiyo tuliiwasha kwa muda mfupi, tukaizima ipoe, kisha tukaiwasha tena. Na kwa kuwa geji ya mafuta hatukuiamini, kila tulipoizima nilipanda ngazi, nikafungua kifuniko cha tangi la bawa la kushoto, ndilo lililokuwa likilisha injini, nikatumbukiza kijiti kuona mafuta yamebaki kiasi gani. Hakuna aliyezembea pale.

Mara ya kwanza nilipofungua kile kifuniko, nikasikia kitu. Fyuu, kidogo tu, kama mtu anayevuta pumzi. Nikajiambia ni joto. Mara ya pili nikaisikia tena, na kifuniko kilikuwa kigumu kufunguka, utadhani kuna anayekishikilia kwa ndani. Nikageuka. Mama yuko na kitambaa chake mapajani, Ekai anacheka na pasta, Mzee Wafula anajifuta mikono. Mimi ni nani niwaharibie siku kwa fyuu? Na wakiniuliza ni nini, nitajibu nini? Nikashuka, nikasema mafuta yapo.

"Basi tuwashe mara moja ya mwisho," Mzee Wafula akasema, "halafu mama aje na udongo wake."

Ilipozimwa nikapanda tena, nikaisikia tena. Safari hii mdomo ulifunguka wenyewe. "Mzee, hili tangi linavuta pumzi."

Ekai akachomoza kichwa dirishani. "Dada, wewe leo hujanywa chai."

Watu wakacheka. Mzee Wafula hakucheka. Alinitazama, akatazama bawa, akasema, "Washeni tena. Kifuniko kisiguswe."

Tukasubiri. Injini ikanguruma vizuri, na watu wakaanza kuchoka kutazama. Mimi nikawa naomba izimike. Hebu fikiria, fundi anaiombea injini yake mwenyewe izimike, kwa sababu isipozimika kaka yake atapanda juu na kitu ambacho hakijulikani jina.

Ikakohoa. Ikalegea, ikazimika yenyewe.

Mzee Wafula akachukua waya, akausukuma ndani ya mrija mwembamba chini ya bawa, ule unaoingiza hewa kwenye tangi mafuta yanapopungua. Udongo mkavu ukamwangukia mkononi. Nyigu alikuwa amejenga humo baada ya sisi kuukagua. Tangi likikosa hewa, mafuta hayashuki kwenye injini. Na mimi, kila nilipofungua kifuniko kupima, nililipatia hewa, ugonjwa ukajificha tena.

Ekai alishuka akanikumbatia, akasema nimemwokoa. Nikalia. Lakini Mzee Wafula akaniita kando.

"Uliisikia lini?"

"Mara ya kwanza."

"Na ukaniambia mara ya tatu." Hakupaza sauti. "Ningesema kuwasha mara mbili kunatosha, sasa hivi kaka yako angekuwa juu ya mawe na miiba, na wewe uko hapa chini unajua peke yako."

Nikaenda nikaiondoa ngazi pale kwenye bawa.  Mama akafunga udongo wake, akarudi nao nyumbani bila kunilaumu. Baba yako aliruka siku nyingine, pua ya ndege imepakwa vizuri, na wewe ukaja kuzaliwa baadaye.

Kwa hiyo nakuambia wazi, mwanangu: ukisikia kitu, kiseme hapohapo, hata kama hujui kinaitwaje. Usingoje uwe na uhakika. Usitazame nani amekuja na nani atakucheka. Kicheko kitaisha jioni hiyohiyo.

Mungu aisimamie mikono yako kesho. Kila atakayeruka kwa kazi yako atue salama, ashuke kwa miguu yake mwenyewe, afike kwa mama yake.

Sasa weka hicho kikombe chini. Kule Kakuma, ulisikia nini?