Choo Kidogo cha Rafiki

Ndugu wasomaji, nisameheni mwandiko wangu na herufi nilizoruka. Niliishia darasa la saba.

Mimi ni mhudumu wa zahanati hapa Mbalizi. Mwezi uliopita Wachina wawili wanaojenga reli walianza kuhara, na daktari akataka kambi nzima ipimwe kabla ugonjwa haujaenea. Akanituma kuomba vinyesi. Kwetu Usafwani mkubwa hatajiwi neno hilo, nikaona haya. Nikamwambia fundi wao mkuu, "Rafiki, kesho mlete choo kidogo zahanati."

"Kidogo namna gani?"

"Kidogo tu, rafiki. Kitatosha."

Akaandika kwenye daftari.

Asubuhi lori likasimama mlangoni. Wakashusha kibanda cha mbao chenye mlango na komeo.

"Hiki nini?" daktari akauliza.

"Choo kidogo," fundi akajibu, akaninyoshea kidole. "Rafiki yule ameagiza."

Daktari alicheka mpaka akakaa chini. Vikopo vya kuwekea kinyesi vilipelekwa kambini siku ileile, na wagonjwa wengine watatu wakapatikana mapema. Wagonjwa wetu, waliokuwa wakijisaidia vichakani, sasa wana choo. Nikikipita, naringa.

Niandikieni: nanyi haya iliwahi kuwajengea nini?