Amri Niliyoishika Siku ya Msiba

Wapendwa, naitwa Koku, wa Kanazi. Kifafa ninacho tangu utotoni. Zamani nilikuwa nalima na kuimba kwaya, na nikianguka Mama alinigeuza ubavu, akasubiri, kisha tukaendelea na kazi.

Jirani yetu, Ta Rwegasira ("Ta" ndivyo tunavyomwita mwanaume kwa heshima), aliamini povu la mwenye kifafa linaambukiza. Mtoto wake alipoanza kuanguka, alisema nimemwambukiza mimi. Siku moja nilianguka kwenye njia ya kibanjani, shamba letu la migomba. Nilizinduka Ta Rwegasira ananipiga fimbo, anasema, "Watu kama nyie mnatumaliza." Mfupa wa mkono wa kushoto ulitokeza nje ya ngozi.

Hospitalini Bukoba nilifungwa vyuma vya kuunga mfupa. Kidonda kikatunga usaha, kikanuka hata mwenyewe nikageuza uso. Daktari akaniambia, "Mkono utapona, lakini hautanyooka tena." Kifafa nacho kilizidi, maana nilikuwa silali kwa hofu.

Kaka yangu Deo alitaka tuyamalize kwa wazee, kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi. "Jirani ni jirani," alisema.

Nikamjibu, "Kwani aliyevunjwa ni wewe?"

Polisi walikuwa na kesi yao dhidi yake, naye alikuwa nje kwa dhamana. Mimi, nikisaidiwa na msaidizi wa kisheria kutoka Muleba, niliomba mahakamani amri ya zuio. Hakimu akaandika: Ta Rwegasira asinikaribie, asivuke mpaka wa kibanja chetu. Nikaanza kulala, na kifafa kikapungua.

Kisha Mama akafariki. Kwetu kaburi huchimbwa na majirani. Asubuhi Ta Rwegasira akasimama mpakani, jembe begani. Mzee mmoja akaniambia, "Waitu Koku, mwenzetu, mruhusu. Leo tu."

Niliona aibu, nasema kweli, aibu kubwa. Nikasema, "Ta Rwegasira, Mama atachimbiwa na wengine. Rudi kwako."

Akarudi. Nami nikaanguka palepale. Nilipozinduka, kichwa changu kilikuwa mapajani kwa Deo, ananifuta povu kwa kiganja chake mbele ya waombolezaji. Akawaambia wazee, "Asiombwe tena." Kisha akaenda kuchimba.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, na Deo pia, ingawa alichelewa. Wenzangu, mezeni dawa kila siku. Ukiumizwa kwa sababu ya ulivyo, nenda mahakamani, na amri ukiipata usiiache kwa kuona haya. Bado wapo wanaosema nilimkatalia jirani kuzika. Nawasikia. Nawasikia kwa sababu niko hai.