Wanaume Watano Waliosafisha Damu

Katika soko la mifugo la Garissa, Guleid anajulikana kama dalali asiyemwamini mnyama kwa kumtazama tu. Hufunua midomo, hushika mkia, hubonyeza mbavu, ndipo ataje bei. Amevuka miaka hamsini, anaishi mtaa wa Galbet, na hakumbuki kulazwa hospitali hata mara moja.

Dada yake mdogo, Qali, aliambiwa angejifungua kwa upasuaji. Akiba ya damu hospitalini ilikuwa imekaribia kwisha, hivyo familia ilitakiwa ilete mtu wa kutoa damu ya kujazia akiba hiyo, wa kundi lolote. Guleid alijitwika shughuli hiyo. Alichagua binamu zake wanne, wafugaji wenye vifua vipana, na yeye mwenyewe akawa wa tano. Mume wa Qali, Awil, mwalimu mwembamba wa shule ya msingi, hakuhesabiwa sana.

Guleid alitaka dada yake apate damu bora. Siku chache kabla ya kwenda kutoa, aliwapeleka wote, Awil akiwemo, kwa Maalim Abdilatif wakafanyiwe hijama: vikombe mgongoni, chale ndogo za wembe, damu nzito ikatoka. Awil alipouona wembe alisema amesahau kuzima jiko, akaondoka. Walimcheka njia nzima ya kurudi.

Hospitalini, Sista Gacheri aliwahoji mmoja mmoja faraghani. Mmoja mmoja walitoka na jibu lile lile: rudi baada ya miezi sita. Guleid aliingia wa mwisho, akiamini kuna kosa linaloweza kurekebishwa.

“Sista, sisi tumetoa damu mbaya. Iliyobaki ndiyo safi. Wewe unakataa safi?”

Gacheri alimweleza kwamba wembe unaweza kuingiza mwilini ugonjwa wa ini au virusi vingine, na siku za mwanzo vipimo huenda visione kitu. Guleid akasema wembe ulifunguliwa mbele ya macho yake. Gacheri hakubisha, alisema tu kwamba yeye hakuwepo.

“Mbuzi uliyemnunua Hulugho jana, utamchanganya na wa nyumbani leo?”

“Hapana. Namtenga kwanza.”

“Hata akionekana mzima?”

“Hata akionekana mzima. Lakini mimi si mbuzi, sista.”

Nje, binamu yake Shuaib alitaka kujua kama wao ni wagonjwa, na kama inafaa amwambie mkewe. Guleid akajibu kuwa wote ni wazima. Shuaib akauliza, basi wamekataliwa kwa nini. Guleid alikuwa amelielewa kila neno la Gacheri; kuyaunganisha ndiko kulikomshinda. Upasuaji ulikuwa asubuhi inayofuata. Alimpigia simu rafiki yake sokoni, mtu wa miraba minne, naye akasema amemaliza dawa za malaria juzi. Gacheri akasema huyo pia asubiri. Guleid akazidi kuchanganyikiwa: aliyejisafisha hafai, aliyepona naye hafai.

Ndipo Awil akafika na chupa ya chai ya mkewe. Guleid alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

“Shemeji, kweli Maalim hakukugusa?”

“Si mnanicheka tangu Jumatatu?”

“Hata kidogo?”

“Niliona wembe nikatoka. Unataka nikuapie?”

Guleid alimshika mkono akampeleka ndani. Gacheri alisema aliye chini ya kilo hamsini hapokelewi. Awil akaanza kuvua viatu. Guleid akamnong'oneza avirudishe. Gacheri akamwambia avivue. Mshale wa mizani ulitetemeka, ukatulia juu kidogo ya hamsini. Awil akajibu maswali, akatobolewa kidole, akalala kitandani macho kayafumba.

Guleid alibaki mlangoni mpaka mfuko ukajaa. Gacheri alimhakikishia kwamba damu hiyo ikishapimwa, upasuaji wa Qali hautaahirishwa. Akashukuru. Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini iwapo damu yao wale watano ilikuwa chafu.

“Hakuna aliyesema ni chafu, mzee,” Gacheri akajibu.

Jibu hilo ndilo lililomchanganya zaidi.