Tundu la Kunusia

Kaka wa mke wangu anaitwa Pua. Hajaitwa hivyo kwa sababu pua yake ni kubwa. Ni pua ya kawaida tu, yenye masizi ndani na nje. Ila katika gereji yake yote, ndicho kifaa pekee ambacho hakijawahi kuazimwa kikapotea. Ukimletea gari hafungui boneti kwanza. Anazunguka nyuma, anainama, anafumba macho, anavuta moshi, kisha anatoa hukumu: "Mafuta mengi." Au: "Plagi zimechoka." Enzi za kabureta alikuwa anapatia mara nyingi, na hilo ndilo lililomharibu.

Mimi ni mchomeleaji. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa gereji yake, na kwa kuwa si msemaji, nasikia kila kitu.

Magari yalipoanza kuja na sensa ya oksijeni, Pua aliichukulia kama mpangaji aliyehamia chumbani kwake bila kupiga hodi. Kidude chenyewe ni kidogo, kinafanana na plagi, kimechomekwa kwenye bomba la moshi karibu na injini. Kazi yake ni kupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Ikibaki nyingi, maana yake mafuta yaliyoingia ni machache. Ikikosekana, yamezidi. Kinapeleka umeme kidogo kwenye kompyuta ya gari, nayo inaongeza au inapunguza mafuta, tena na tena, safari nzima. Yaani kinanusa. Tena kinanusa bila kujisifu, na hapo ndipo Pua alipoumia zaidi.

Akabuni njia ya kushindana nacho. Alisema moshi ukifika nyuma unakuwa umeshachoka. Kwa hiyo akawa anatoboa tundu dogo kwenye bomba, kabla ya sensa, ili anuse moshi ungali mbichi. Akimaliza analiziba kwa bolti. Aliliita tundu la kunusia. Wateja walishukuru sana, maana mteja akiona gari lake linatobolewa anaamini kazi inafanyika.

Gari la dada yake mkubwa nalo halikusahauliwa. Udugu ni udugu. Dada ni mwokaji. Alikuwa anapeleka mikate hospitali, na tangu mumewe afariki, kazi hiyo ndiyo iliyolisha watoto wake. Mara baada ya kutobolewa, gari likaanza kunywa mafuta na kutapika moshi mweusi. Hospitali, kwa kuwa inaelewa mambo ya afya, haikupenda mikate inayowasili ndani ya wingu. Ikamwambia Ijumaa alete cheti cha ukaguzi wa moshi, la sivyo kazi atapewa mwingine.

Alhamisi dada akaingia gerejini, gari linakohoa.

"Mdogo wangu, utabadilisha sensa mpaka lini?"

"Dada, sensa za siku hizi ni feki zote. Hebu ona." Pua akachomeka mashine ya kusomea hitilafu, ambayo bila shaka aliiazima. "Inasema mafuta kidogo. Haya, njoo huku nyuma unuse. Hayo ni mafuta kidogo hayo?"

Dada akanusa, akakohoa. "Mengi."

"Umeona! Nani mkweli sasa, ndugu yako au kibati?"

"Sikuja kutafuta mkweli, nimekuja kutafuta cheti. Nikikosa kesho, wanangu watakula pua yako?"

Pua akachomoa mashine kwa heshima. Kisha akasema ataweka sensa nyingine.

Dada hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa ameinama pembeni mwa injini, katega sikio kama anavyofanya kwenye oveni yake. "Hapa panapuliza nini? Kwenye hii bolti. Imelegea, pana masizi."

"A-a, hilo ni tundu la kunusia. Nimetoboa mimi."

"Umetoboa bomba langu?"

"Kitaalamu, dada."

"Moshi unatoka hapa. Na hewa haiingii?"

"Hewa itaingiaje na moshi unatoka?"

"Mlango wa oveni yangu ukiachia, joto linatoka na baridi inaingia papo hapo. Hawapangi zamu."

Pua akainama kuitazama bolti. Moshi wa injini huenda kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo bomba lilikuwa linavuta hewa ya nje kupitia tundu lile. Sensa ikiikuta hewa hiyo inaripoti kwa uaminifu: oksijeni nyingi, mafuta machache. Kompyuta inaongeza mafuta. Pua ananusa, anatangaza mafuta mengi, na hakosei. Sensa zote alizozitupa kwa hasira zilikuwa nzima.

"Shemeji," dada akaniita. "Ziba."

"Shemeji, ngoja kwanza," Pua akadakia. "Ukiziba, mimi nitanusia wapi?"

"Kanusie kwako. Shemeji, washa."

Kuwakataa mashemeji wawili kwa wakati mmoja siwezi, kwa hiyo nikamkataa mmoja, yule asiye na watoto wa kulisha. Nikachomoa waya wa betri, nikasugua masizi, nikachomelea. Gari lilipowashwa halikubadilika, maana sensa haifanyi kazi mpaka ipate moto, na Pua akapata nafasi ya kutabasamu. Halafu injini ikapata joto, mngurumo ukatulia, wingu likaisha. Pua akainama nyuma. Akavuta. Akavuta tena.

"Sisikii kitu," akasema, kwa sauti ya mfiwa.

Ijumaa cheti kilipatikana, na mikate ikafika hospitali ingali na moto. Kazi ikabaki kwa dada.

Wiki iliyofuata wateja wakaanza kumiminika kibandani kwangu, wote magari yao yana tundu mahali palepale. Nikajikaza nikamuuliza mmoja nani kamtuma.

"Pua," akasema. "Amegundua kasoro ya kiwandani. Anasema viwanda vya siku hizi havina aibu, mtu unauziwa gari limetoboka!"

Nikashusha kinyago cha kuchomelea usoni, haraka, kabla hata sijawasha mashine.