Meza ya Karani Yashuka Ngazi

Karani wa shule ya akina Ghati huupulizia muhuri pumzi mara mbili kabla ya kuugonga, kisha hupaza sauti: "Anayefuata!" Hata leo, shule inafungwa kabisa, wabebaji wameinyanyua meza yake, hakuacha, aliifuata ngazini akigonga fomu za uhamisho juu yake, foleni nzima ya wanafunzi nyuma yake. Ghati alikuwa wa mwisho, na shule mpya kule Anacostia, upande wa pili wa jiji la Washington, ilimpa mpaka saa sita mchana kuifikisha fomu, la sivyo nafasi yake anapewa mwingine. Meza ikapakiwa lorini. Karani naye akapanda, akapuliza, akapuliza tena, akagonga.

"Haya, kimbilia treni ya Metro, mwanangu."

Ghati akaikumbatia fomu. "Ahsante, Bi. Na wewe unahamia shule gani?"

Karani akaketi juu ya meza.

"Muulize dereva."