Mkeka wa Wifi Selestina Umekataa Kufunga

Wifi yangu Selestina ni mjane wa kaka yangu Damiano. Anakaa Magomeni hapa Kilosa, nyumba ya pili kutoka kwangu. Alishuka pamoja nasi kutoka milima ya Mamboya akiwa bado mke kijana, mzigo wa ukindu kichwani. Watu wanamjua kwa mikeka. Mimi namjua kwa ubishi. Nimeishi na ubishi huo tangu tukibeba watoto mgongoni, na mwaka huu umenifika hapa kooni. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza nieleze mkeka, maana siku hizi watu wanadhani mkeka unazaliwa dukani ndani ya nailoni. Unachana ukindu, unachemsha rangi, unasuka ukili. Ukili ni utepe mrefu wenye upana wa kiganja. Kisha kili zinashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utokee. Ndani ya ukili kuna ua dogo tunaliita jicho. Kwetu sisi Wakaguru, macho matatu yakipangwa sawa na ya ukili wa jirani yanatoa chungu, nacho ni ua lile lile, ila kubwa. Vyungu vitatu vinatoa nyumba, ua lile lile tena, kubwa zaidi. Ukiinama unaona jicho, ukiinuka unaona chungu, ukirudi mpaka mlangoni unaona nyumba. Ni kitu kimoja kinachojizaa.

Na mkeka wa bibi harusi sharti nyumba ifunge, pembe zote zikutane. Nyumba ikibaki wazi, mkeka hautolewi. Ndivyo tulivyowakuta mama zetu wakifanya. Selestina hajawahi kutoa mkeka ambao nyumba iko wazi.

Sasa mjukuu wetu Happyness, anayepika kwenye hoteli moja kule Mikumi, akampata Ngolo, fundi wa vigae, mtoto wa Wasukuma waliohamia Rudewa na ng'ombe wao. Mimi sikuwa na neno. Kijana ana adabu, akikuamkia anasimama kwanza. Siku ya kupokea mahari, mama yake akashuka kwenye bodaboda amekumbatia bunda la ukili kama mtoto mchanga. Akasema mbele ya watu wote:

"Wakwe zangu, hii nimesuka mwenyewe. Naomba mkeka wa watoto hawa uwe na ukili wa pande mbili. Mmoja wenu, mmoja wetu."

Mkeka wa binti husukwa na wanawake wa kwao, basi. Nikamkanyaga Selestina mguu. Wala hakugeuka. Akaunyoosha ule ukili sakafuni karibu na wetu, urefu wa mkono hivi, akainama. Macho yakakutana na macho. Mwisho wa kile kipande hata chungu kikakutana na chungu. Akasema kwa sauti, hata waliokuwa jikoni wakasikia:

"Nitaushona. Na nyumba itafunga."

Hapo ndipo alipojifunga. Alipima mkono mmoja tu.

Ukili wa mama Ngolo ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo, umebana kuliko wetu. Lakini kwao macho manne ndiyo yanatoa chungu, na vyungu vinne ndiyo vinatoa nyumba. Sisi tatu, wao nne. Kwenye jicho huoni kitu. Kwenye chungu, ukivumilia kidogo, vinakutana. Kwenye nyumba ni balaa. Yetu ikianza kuinama, yao bado inapanda. Selestina alishona, akarudi mlangoni, akatazama, akafumua. Akaanza upande mwingine, akafumua tena. Chumba chake kikawa hakitoshi, mkeka ukahamia sebuleni kwangu, maana yangu ni ndefu. Viti vyangu vikatolewa uani, kuku wakapata pa kulala.

Nikamwambia, "Wifi, toa ukili wa yule mama. Shona wetu mtupu, nyumba itafunga kesho."

"Nilisema mbele za watu."

"Ulisema bila kupima!"

"Nilipima."

"Mkono mmoja!"

"Wewe ulipoolewa ulimpima mumeo mikono mingapi?"

Nilienda kupalilia mchicha.

Wiki ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ilipokaribia, Ngolo akaja kutoka Mikumi kutuamkia. "Shikamoo bibi." Tukaitikia marahaba, akavua viatu. Alipouona mkeka akasahau chai. Akachuchumaa, akatoa futi yake ya kazini, akapima jicho, akapima chungu, akahesabu kwa midomo. Nikaona uso wake unabadilika.

"Bibi, nyumba zitakutana," akasema. "Ila si hapa. Huu mkeka inabidi upite hapo ukutani na kutokea uani kwa majirani."

"Kwa hiyo zitakutana," Selestina akasema.

"Zitakutana, bibi, lakini chumba chetu Mikumi kitanda tu kimejaa. Kazini likitokea hivi, mimi nakata kigae, nafunika na ukanda. Hakuna anayejua."

"Kakate vigae vyako."

Happyness naye akapiga simu, analia. "Bibi, ukate tu huo mkeka, jamani! Palipo wazi nitaweka kabati juu yake." Selestina akanirudishia simu yangu kama imemuunguza. "Nyumba ya kufunikwa na kabati," akasema, akachukua sindano.

Mimi nilikasirika sana, na hasira hiyo bado ninayo. Mtoto ni mmoja, sendofu ni moja. Ukumbi umelipiwa, ndugu wanatoka Mamboya na nauli zao, halafu mwanamke mmoja anabishana na macho ya ukindu! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Akaniomba nimpishe kwenye mwanga.

Siku ya sendofu ikafika. Saa ya mkeka, mshereheshaji akaita kwa mbwembwe, wanawake wakapiga vigelegele. Selestina akasimama na mikono mitupu.

"Mkeka haujaisha," akasema, akakaa.

Basi tu. Hakueleza, hakuomba radhi. Vigelegele vikakatika. Shangazi mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba nyumba imewakataa. Mwingine akasema ndiyo matokeo ya kuchanganya. Nilitaka nizame. Akatumwa mtu mbio dukani, akarudi na mkeka wa plastiki wa kijani una tausi, na tausi wale wote wa saizi moja kama askari. Happyness akakalia tausi. Mama Ngolo alikaa ametazama mbele, shingo imekakamaa, na sahani yake ya pilau hakuigusa.

Harusi ikapita. Watoto wakaenda zao Mikumi na tausi wao. Nikasema sasa sebule yangu itarudi. Thubutu! Asubuhi ya Jumatatu nasikia hodi. Mama Ngolo, na gunia la ukindu. Hakukaa. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mkeka, akausimamia.

"Mkwe, mbona hukuniambia?" akamuuliza Selestina. "Watu walinitazama kama mimi ndiye niliyeharibu."

"Hukuharibu. Unazaa wanne wanne, sisi tunazaa watatu watatu."

"Ungenitoa basi. Ungeushona wenu."

"Hata huyu wifi yangu aliniambia hivyo."

Mama Ngolo akanitazama. Nami nikamtazama. Sikukana, kwa nini nikane? Ndivyo nilivyosema.

"Alisema sawa," mama Ngolo akasema. "Mimi ningekutoa." Akavua kandambili, akaketi, akaanza kuchana ukindu. "Haya, umebakiza kiasi gani?"

"Mpaka kwa majirani."

Tangu hapo wako hapa. Mama Ngolo anakuja kila siku ya gulio, analala, anaondoka kesho yake. Anasuka, mwenzake anashona, na wanagombana: rangi imekolea, rangi haijakolea, Wakaguru wabahili wa chumvi, Wasukuma wanalala na ng'ombe. Mkeka umevuka sebule, umepinda kwenye ukumbi mdogo, umesimama mlangoni pa chumba changu. Chungu kinaongezeka juu ya chungu. Nyumba yetu na yao zinasogeleana, naliona hilo kwa macho yangu, lakini hazijagusana. Na zikigusana, mkeka huo utawekwa wapi? Mikumi hauingii. Kanisani Padri ameshasema ana zulia.

Juzi Selestina ameniambia nisogeze kabati la vyombo, linazuia. Nikamwambia hilo kabati alilipanga marehemu mume wangu, na mimi silisogezi kwa ajili ya mkeka usio na mwenyewe. Nikakaa kwenye kiti changu huko uani na kuku.

Wamelisogeza wenyewe. Nimewasikia, mmoja huku, mwingine kule, "inua, mkwe, usiburute," na vyombo vyangu vikigongana ndani. Kikombe changu cha maua kimekatika mkono. Hakuna hata mmoja aliyetoka kuniambia pole.