Plagi Mpya, Lawama kwa Dereva

Sogea karibu, wewe unayeanza kazi ya spana, nikueleze jambo ambalo linanipandisha hasira mpaka leo, ingawa nimestaafu na grisi imeshatoka kwenye kucha.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya serikali mjini Kitui, Msimamizi wa Karakana alinipa plagi moja na kichwa cha injini kilichokuwa mezani. Plagi, kama hujawahi kuishika, ndiyo inayotoa cheche ndani ya injini ya petroli ili mafuta yawake. Chini ina ncha ya chuma, juu ina kauri nyeupe inayozuia umeme usitoroke.

"Anza kwa vidole," aliniambia. "Vidole vikikataa, umeianza vibaya. Ikifika mwisho, spana iguse kidogo tu. Hii kauri ni kikombe cha chai, kijana."

Nilifunga na kufungua hadi saa ya chakula, na kila mara aliniuliza mbona nimekaza meno kama nambeba ng'ombe.

Baadaye nilipata kazi kwenye gereji moja mjini Mwingi. Mteja wetu mkubwa alikuwa Hajji, mfanyabiashara wa mbuzi, mwenye lori dogo la petroli. Malori mengi ni ya dizeli, na dizeli haina plagi hizi kabisa, lakini haya madogo ya zamani bado yapo. Fundi Mkuu alipenda kuliungurumisha uani na kutangaza kwamba limepona. Hajji hakuwa na haraka ya kuamini.

"Fundi, mbuzi wangu hawapandi mlima kwa kelele ya uani. Pakia, tupande wote."

Alikuwa na haki. Injini isiyo na mzigo inaridhika na cheche dhaifu. Ikibeba magunia na kupanda, hewa na mafuta hushindiliwa zaidi ndani ya silinda, na umeme huona taabu kuruka pale ncha ilipo. Ukipata ufa kwenye kauri, hutorokea huko. Silinda moja inalala, na lori linaishiwa nguvu.

Kazi yangu ya mwisho ilikuwa Emali, kwa kampuni iliyonunua ndengu, yaani choroko, kutoka Kibwezi. Nilikuwa fundi wa pili. Dereva wa lori dogo aliitwa Mutuku, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Fundi wa kwanza alilivalisha lori plagi mpya, na kesho yake likashindwa mlima ambao lilikuwa likiupanda kila wiki. Tupu lilikimbia vizuri. Likipakiwa, lilikohoa.

Meneja wa Usafirishaji aliagiza liungurumishwe uani. Likalia safi. Hukumu ikatolewa hapo hapo, mbele ya wapakiaji na kina mama wanaochagua ndengu.

"Plagi ni mpya, na fundi amesema gari iko sawa. Wewe Mutuku unauza petroli, halafu unajaziliza mafuta ya taa."

"Meneja, panda na mimi mlimani usikie mwenyewe."

"Nipande nifanye nini? Mlima ndio shahidi wako?"

Watu wakacheka. Mutuku akaambiwa aache ufunguo mezani. Aliuweka polepole, na niliona anavyotazama wale kina mama, kwa sababu wawili kati yao walikuwa wakisali naye.

Nikamuuliza Meneja kama lori lilipanda kabla ya plagi mpya. Akasema ndiyo. Na baada ya plagi?

"Sasa mbona tumeanza na jina la mtu, badala ya kuanza na kazi ya mikono yetu?"

"Wewe mzee unamtetea kwa sababu mko kanisa moja."

"Hatusali pamoja. Pakieni ndengu."

Tulipanda watatu, Mutuku akiendesha, Meneja katikati. Mlima ulipoanza, lori likatetemeka na kukohoa, na Meneja akashika dashibodi. Tulisimama, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu, tukangoja injini ipoe. Nikatoa plagi moja, nikaiangalia, nikairudisha pamoja na waya wake kabla ya kugusa nyingine. Ya tatu ilikuwa na mstari mweusi kwenye kauri, mwembamba kama unywele. Ni ufa. Nikakumbuka kwamba fundi wa kwanza alikuwa ameongezea spana kipande cha bomba la maji ili akaze zaidi. Wengi huku hufanya hivyo wakiogopa barabara zetu za mawe zitalegeza plagi. Hazilegezi. Wao ndio huzivunja plagi.

Mutuku alikuwa ameweka zile plagi kuukuu chini ya kiti. Nilifunga moja, na lori likapanda na magunia yote, kwa petroli ile ile iliyokuwa tangini.

"Basi, atarudi kazini," Meneja akasema, kama anayetoa zawadi.

Mutuku akazima injini. "Uliniita mwizi mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu hao hao."

Tulirudi uani, na Meneja akanung'unika kwamba kosa halikuwa la dereva. Mama mmoja akainua uso kutoka kwenye ungo wake.

"Huku nyuma hatujasikia, Meneja. Ile ya mwizi tulisikia vizuri."

Meneja akarudia, kwa sauti.

Mutuku alipata mlima wa kumshuhudia, na akapata mama wa kumsemea. Nikikaa nyumbani nawafikiria madereva waliofukuzwa kwa sababu fundi aliungurumisha gari uani akaona inatosha. Wewe usiwe fundi huyo, na najua hilo unaliweza.

Ukibadilisha plagi na gari likaishiwa nguvu, rudi kwanza kwenye plagi ulizofunga. Toa moja moja, tafuta ufa kwenye kauri, hakikisha kila waya uko mahali pake, kisha pakia mzigo, keti kando ya dereva, mpande mlima pamoja.